Labda Kumi na Saba

"Mama Arlys, nimeisoma mara tatu," alisema Mwalimu Maren, "na mpaka sasa sijajua unataka nini."

Arlys Haugen alikuwa amekaa kwenye kiti cha watoto wa darasa la sita, magoti yakigusa uvungu wa meza, mikono ameifumbata mapajani kama mtu anayesubiri majibu ya daktari. Maktaba ya shule ilikuwa kimya. Watoto walishapanda mabasi, na wenzake watatu wa darasa la watu wazima walikuwa wamejiendea zao. Mbele yake zilikuwa kurasa tano za mwandiko wake wa mviringo, na wino mwekundu ulikuwa umezungushia neno moja, tena na tena na tena.

"Labda," mwalimu akasoma. "Labda hivi, labda vile. Nimezihesabu, ziko kumi na saba. Halafu huku mwisho: 'Haya ni mawazo yangu tu, na mwenzangu akiona vingine sina neno. Samahanini kwa kuwachukulia muda.' Mama, hii ni insha ya kushawishi! Mtu akimaliza kuisoma anatakiwa ainuke akafanye jambo."

"Sikutaka kumuudhi mtu, mwalimu."

"Mtu gani?"

Arlys akafikiri. "Yeyote."

Mwalimu Maren alikuwa binti wa miaka ishirini na minane, mtu wa kuja, na alikuwa bado hajatuzoea. Huku kaskazini mwa Minnesota mtu akikukanyaga mguu, wewe ndiye unayeomba radhi. Ukiulizwa kama unasikia baridi, na meno yanagongana, unajibu kwamba si mbaya sana. Tunakaa na jirani miaka arobaini bila kujua anampigia nani kura, na tunaona huo ndio ujirani. Kumpa mtu wa namna hiyo kazi ya kuandika insha ya ubishi ni sawa na kumtuma paka akaogelee. Atakwenda mpaka ukingoni, atachovya ukucha, atarudi akikutazama kwa lawama.

Lakini bila insha hakukuwa na cheti cha sekondari. Arlys alikuwa ameacha sekondari akiwa na miaka kumi na saba, mama yake alipougua, na sasa alikuwa na hamsini na sita. Miaka ishirini na miwili alikuwa amepika kwenye nyumba ya wazee, supu zisizo na chumvi na viazi vya kuponda. Mpishi mkuu alikuwa anastaafu mwezi wa Juni, na kila mtu jikoni alijua nani anafaa kushika nafasi yake. Karatasi za ajira tu ndizo hazikujua, kwa kuwa zilitaka cheti. Arlys alishashinda hesabu, alishashinda sayansi. Ilibaki insha hii moja, isomwe kwa sauti mbele ya darasa na wageni waalikwa, Alhamisi ya mwisho ya Aprili.

Mada aliichagua mwenyewe. Chama cha wenye nyumba za ufukweni kilitaka machubwi ya risasi, vile vipande vizito vya madini vinavyofungwa kwenye mshipi ili ndoana izame, yapigwe marufuku katika Ziwa Agnes. Walisema risasi inaua luni, ndege wetu mzamiaji mwenye macho mekundu, ambaye kilio chake kikisikika juu ya maji hata mlevi hunyamaza. Mwezi wa Mei mji mzima ungepiga kura. Arlys aliyajua machubwi kuliko kitabu chochote, maana aliyatengeneza yeye, kwenye banda la gari nyumbani kwake, kama baba yake kabla yake.

"Uko upande gani?" mwalimu akauliza.

"Upande wetu. Wa wavuvi."

"Basi uandike hivyo. Na kabla hujaandika, nenda kwa mtu wa upande wa pili, umsikilize mpaka uweze kumsemea maneno yake, na yeye akisikia aseme: ndivyo hasa."

Arlys alizikunja kurasa zake mara mbili. Alisema asante, akasema samahani, akasema asante tena.

Jumamosi asubuhi alifungua mlango wa banda, akawasha feni, akaweka sufuria ya chuma juu ya jiko la gesi. Risasi haina haraka. Inakaa kijivu, inakaa, halafu ghafla inalegea na kung'aa kama maziwa ya fedha. Akaondoa utando wa juu kwa kijiko, akachota, akamimina kwenye kalibu ya baba yake yenye matundu manane. Mumewe Duane, ambaye mgongo wake uliharibika alipoanguka kutoka paani, alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja akihesabu kimoyomoyo, na akifika kumi na tano anabana vishikio vya kalibu na kuifungua. Machubwi manane yakadondoka kwenye mchanga.

La nne lilikuwa na kasoro, kama kawaida. Kalibu iliwahi kuanguka sakafuni zamani, baba akiwa hai, ikameguka kwenye tundu la nne, na tangu siku hiyo kila chubwi linalotoka humo lina kijinundu chini ya kitundu chake. Verlyn, mwenye duka la chambo, aliyabatiza "yenye kidevu". Wavuvi wa hapa huyachagua kwa makusudi, wanasema yana bahati.

"Verlyn kauliza kama anaweza kuja kusikiliza hiyo insha," alisema Duane.

"Nimeshamwalika."

"Basi umtetee vizuri. Rafu zake zimejaa tayari, na msimu unafunguliwa Mei. Wale wenye nyumba za majira ya joto watamaliza kuyapangia maji, watahamia kutupangia chai."

Arlys alicheka. Verlyn hakuhitaji kutetewa na mtu, lakini yeye alitaka kumtetea. Mwaka ule alioanguka Duane, theluji ilishuka kuanzia Oktoba, na kila alfajiri Arlys alikuta njia yao imesafishwa mpaka barabarani. Majira yote ya baridi. Hakuna aliyebisha hodi, hakuna aliyesema neno. Siku moja tu aliziona taa za nyuma za gari la Verlyn likiondoka taratibu, na yeye naye hakumwambia kwamba ameona. Huku kwetu shukrani ya namna hiyo unaibeba, husemi.

Mtu wa upande wa pili aliitwa Gaylen Strand, na alifanya kazi katika ofisi ya wanyamapori, mji wa pili. Kazi yake ilikuwa kuwapasua ndege waliookotwa wamekufa na kutafuta sababu. Alikuwa mzee mrefu mwenye sweta lililotoboka kiwikoni, na Arlys alimpenda mara tu alipoona amepanga vikombe viwili vya kahawa na kuvifuta.

"Sijui kama nitakusaidia sana," alianza Gaylen.

"Na mimi sijui kama nina maswali ya maana," alijibu Arlys. Baada ya hapo walielewana.

Akamweleza pole pole, bila kupandisha sauti. Luni hana meno, basi humeza vijiwe vya chini ya ziwa ili firigisi isage samaki. Kijiwe na chubwi kwake ni kitu kimoja. Akishameza chubwi, firigisi inalisaga lile pia, na risasi inaingia damuni. Kwanza anashindwa kuzamia. Kisha anashindwa kuruka. Anajikokota mpaka kwenye matete, na ndege asiyejua kutembea akipanda nchi kavu, ujue kwisha habari yake. Majuma mawili, matatu. Chubwi moja linatosha.

Arlys aliandika yote kwenye kadi zake. Alikuwa akimsikiliza vizuri, kama alivyoagizwa, na hata alijua atamjibu vipi: ndege wangapi kwani? Na kwa nini mvuvi wa mwaka mzima apangiwe na watu wanaokuja Juni na kuondoka Agosti?

"Wa Ziwa Agnes ninao sita," Gaylen akasema, akavuta droo. Kulikuwa na bahasha ndogo za kaki, kila moja na tarehe. Akazimimina moja moja kwenye kisahani cheupe.

Machubwi yalikuwa yamelika na kuwa meusi. La kwanza lilikuwa la kiwandani. La pili hivyohivyo. La tatu hata hakulitazama sana, kwa sababu la nne lilikuwa limeshadondoka, likabingirika nusu na kutulia, na chini ya kitundu chake kulikuwa na kidevu.

"Huyu alikuwa jike," Gaylen aliendelea. "Julai iliyopita, kwenye matete ya ghuba ya kusini. Siku mbili kabla watu walimwona na kifaranga mgongoni."

"Na kifaranga?"

"Hatukukiona tena."

Arlys akanywa kahawa yake mpaka ikaisha. Akasema ilikuwa kahawa nzuri. Akasimama, wakaagana mezani, wakaagana mlangoni, wakaongea juu ya barafu kwamba mwaka huu imechelewa kuondoka ziwani, wakaagana tena kando ya gari. Akawasha, akaenda kama maili mbili hivi, mpaka kwenye daraja. Akageuza.

Gaylen alikuwa bado anaosha vikombe.

"Lile la nne," alisema Arlys, amesimama kizingitini na funguo mkononi. "Ni langu."

"Aa," alisema Gaylen. Akafunga bomba. "Kumbe."

"Ndiyo. Nimelitengeneza mimi. Kalibu ina pengo."

Gaylen akajifuta mikono, kidole kimoja kimoja.

"Sikukuuliza, dada," alisema mwishowe.

"Najua hukuniuliza. Naomba unipigie picha yake. Na tarehe ionekane."

Nyumbani Duane aliiangalia ile picha kwa dakika nzima, akaigeuza kifudifudi juu ya meza kama karata mbaya.

"Watu wangapi wanajua?"

"Mimi, wewe, na yule bwana."

"Basi imeishia hapo. Mama, insha ni insha. Tetea wavuvi, chukua cheti chako, upande cheo. Kuna aliyekulazimisha kujianika?"

"Mwalimu kasema niseme ninachotaka."

"Na unataka nini?"

Hapo ndipo Arlys alipokasirika, na ni watu wachache waliowahi kumwona amekasirika. Hakupiga kelele. Alifungua kabati, akatoa bakuli la kuokea, akalifunga kabati kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Nataka baba asiwe amefanya kitu kibaya," alisema. "Nataka Verlyn aje, anisikie, afurahi. Nataka cheo. Nataka yule ndege awe alikufa kwa uzee. Sasa niambie, Duane, hayo nayaandikaje?"

Duane akainuka kwa kujishika kiuno, akaenda kumenya viazi, jambo ambalo kwa kawaida halifanyi.

Aliandika majuma mawili, kwenye meza ya jikoni, baada ya zamu, nyuma ya karatasi za ratiba ya chakula cha wazee. Upande mmoja supu ya kuku na njegere, upande wa pili hoja. Kila alipomaliza ukurasa alichukua kalamu nyekundu na kuwinda labda. Zilikuwa na ujanja: ukiifukuza moja mlangoni, nyingine inaingia dirishani ikiwa imevaa "huenda" au "pengine" au "kwa maoni yangu madogo". Rasimu ya pili ilikuwa na tisa. Ya tatu ilikuwa na nne. Usiku mmoja kabla ya kusoma ilibaki moja, na hiyo aliikata asubuhi, amesimama, mkoba begani.

Kwa Verlyn hakwenda. Alijua angepaswa kwenda, amwambie ana kwa ana, kabla. Mara mbili alipita mbele ya duka na kumwona kupitia kioo akipanga ndoana, na mara zote mbili mguu ulikanyaga mafuta badala ya breki. Uoga ni uoga, hata ukiuita adabu.

Alhamisi saa kumi jioni maktaba ilikuwa na watu kumi na mmoja. Verlyn alikuja amevaa shati lililopigwa pasi, kofia ameiweka gotini, na alimkonyeza Arlys kama walivyokuwa wakikonyezana kanisani wakiwa watoto. Duane alikaa kando yake. Mwalimu Maren alisimama nyuma, kwenye rafu za kamusi, mikono nyuma kama askari. Kwenye meza ya pembeni kulikuwa na kahawa na sinia ya keki ya matofaa aliyoioka Arlys mwenyewe.

Alianza na upande wa wavuvi, na aliutendea haki. Alisema risasi ni laini, inayeyuka hata kwenye jiko la nyumbani, na mtu asiye na kitu anaweza kujitengenezea. Alisema mwenye nyumba ya ufukweni anafika maua yakichanua na kuondoka kabla ya baridi ya kwanza, halafu anataka kumfundisha namna ya kulitunza ziwa mtu aliyetoboa barafu yake kila Januari tangu utotoni. "Hawakuwapo sisi tulipozika watu wetu," alisoma, na Verlyn akatikisa kichwa: naam.

"Hayo yote ni kweli," Arlys akasoma. "Na hili nalo ni kweli."

Akainua ile picha. Hakusema bado ni nini. Lakini Verlyn alikuwa ameyauza machubwi yale miaka thelathini, na Arlys, ambaye alikuwa ameapa kutotazama upande wake, akatazama. Alimwona akijua. Uso haukubadilika. Kofia tu ndiyo aliyoigeuza gotini, robo duara.

Akaendelea. Akasoma habari za firigisi na matete na majuma matatu. Akasoma tarehe. Akasoma habari za kifaranga.

"Chubwi hili limetoka kwenye kalibu ya baba yangu, Orrin, na mkono ulioimimina risasi ni huu. Baba yangu alikuwa akizima injini ya mashua ili asikie luni wakilia. Hakujua. Mimi sasa najua, na mtu akishajua hawezi tena kusema hakujua. Nataka mkipiga kura mwezi wa Mei mpige ya ndiyo. Simwombi yeyote atupe machubwi yake kabla sijatupa yangu. Nataka kila mwenye machubwi yangu aniletee nyumbani kabla msimu haujafunguliwa. Sitatengeneza mengine. Sina samahani ya kuongeza hapa mwisho, ingawa nilikuwa nayo kwenye rasimu ya kwanza."

Akaketi. Hapakuwa na makofi. Kulikuwa na ukimya wetu ule wa heshima, ambao mgeni hawezi kujua kama ni wa msiba au wa shangwe. Kisha mwalimu akaanza kupiga, wengine wakafuatia kwa adabu, na Duane alipiga kwa nguvu mpaka mgongo ukamwuma.

"Umefaulu, mama," Mwalimu Maren alimnong'oneza, akimbana mkono. "Umefaulu kwa alama za juu. Cheti utakipata."

Arlys alisikia, na alifurahi, lakini furaha ilikuwa imesimama mbali kidogo, kama mtu asiye na uhakika kama kaalikwa. Watu wakaanza kunyanyuka kuchukua kahawa. Verlyn akaja mbele yake, kofia mkononi.

"Umesoma vizuri," alisema. "Sauti ilifika mpaka nyuma."

"Asante."

"Nilikuwa na wasiwasi labda haitafika."

"Verlyn, nilitaka kuja kukwambia—"

"Aa, hapana. Una kazi nyingi." Alikuwa akilitazama bega lake, si uso. "Na mimi nina duka. Haya, ngoja niwaache."

Akachukua koti lake. Arlys akainyanyua sinia ya keki kwa mikono miwili, akamfuata mpaka mlangoni.

"Chukua kipande."

"Nimeshiba. Asante."

Hiyo haihesabiki. Huku mtu hapokei chakula mara ya kwanza, ingekuwa ulafi.

"Kidogo tu. Nimeoka leo asubuhi."

"Wacha wenzangu wale kwanza."

Nayo haihesabiki. Ya pili ni ya kumpa mwenyeji nafasi ya kuonyesha kwamba anamaanisha. Ya tatu ndiyo yenyewe, ndipo mkono hunyooshwa na mtu husema basi, kwa kuwa umenibana. Waliokuwa karibu na kahawa waliacha kumimina.

"Verlyn. Kipande kimoja."

Akaivaa kofia. "Hapana, Arlys," alisema kwa upole kabisa. "Asante."

Duane aliinamisha macho. Hapo ndipo inapokwisha. Baada ya ya tatu mwenyeji husema haya, safari njema, na sinia hurudi mezani. Hakuna mtu wa huku aliyewahi kumkaribisha mwenzake mara ya nne, maana ya nne si ukarimu tena, ni kuomba. Verlyn alikuwa ameshashika kitasa na mlango ulikuwa umefunguka nusu. Baridi ya Aprili iliingia, na harufu ya ziwa linaloachia barafu.

"Nataka uchukue," alisema Arlys.

Verlyn hakutoka, wala hakuachia kitasa. Alikuwa akiitazama keki, upepo ukizichezea kona za karatasi iliyotandikwa chini yake, na Arlys hakuishusha ile sinia.